Bara Zima Haliingii Kwenye Lita 54

Hakuna samaki anayeitwa "sikilidi wa Afrika". Nasema hivi nikijua kwamba ukiingia leo kwenye duka la samaki wa mapambo utamkuta, amebandikwa bei, anaogelea na wenzake ishirini wa rangi ishirini, na muuzaji atakuambia bila kupepesa macho kwamba hao wote ni miksi, wanapatana, chukua kumi nikupunguzie. Hawapatani. Huyu wa njano asili yake ni Ziwa Malawi, yule mwenye nundu ya paji ni wa Tanganyika, na yule mwingine hata muuzaji hajui. Kuwaita wote jina moja ni kama yule mgeni anayekuuliza kama unamjua rafiki yake wa Lagos, kwa sababu si nyote ni Waafrika. Yule tunamcheka. Huyu wa samaki tunamtumia M-Pesa.

Kwa asiyejua, sikilidi ni ukoo mkubwa wa samaki, na ndani yake yumo perege, huyu tilapia unayemla na ugali. Kwa hiyo jina lisikutishe. Umekula sikilidi tangu utotoni.

Mimi nimewajua kwa kulipwa. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu (karo, hadithi ndefu, si ya leo) nilianza kuandikia wateja wa ng'ambo makala za mtandaoni, hela kwa kila neno. Mmoja wao alikuwa na tovuti ya watu wanaofuga samaki nyumbani. Nikiwa hapa Kitui, na bando la usiku kwa sababu ndilo rahisi, niliandika makala kumi na nne kuhusu samaki wa Tanganyika na Malawi, wasomaji wakiwa Ohio na Manchester. Kila nilipotaja ziwa kwa jina, mhariri alilifuta akaandika "wa Afrika". Alisema ndivyo watu wanavyotafuta. Sikubishana naye, kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Nabishana hapa.

Kwa haki yake, huko kwao neno hilo lina kazi. Linamtenganisha samaki huyu na sikilidi wengi wa Amerika Kusini, wanaopenda maji laini yenye asidi kidogo. Kwa mtu wa Ohio hapo ni pa kuanzia. Lakini sisi tunaoishi upande huu wa ramani, ambao tukitaka tunapanda basi hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika, tumelichukua neno la duka la ng'ambo tukalifanya elimu yetu. Na ushauri uliokuja nalo tumeumeza mzima mzima.

Basi tuanze na maziwa. Tanganyika ni ziwa la mamilioni ya miaka, lina kina cha karibu mita 1,470, limegawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na maji yake ni magumu, pH ikikaribia 9. Samaki wake wamekuwa na muda mrefu wa kugawana kazi: wengine wanakaa kwenye miamba, wengine mchangani, wengine wanakula mizani ya wenzao, kweli kabisa, wanavizia wakipita wakakwangua magamba. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akiwasafirisha kutoka Burundi, alitoa kitabu kizima kuwahusu mwaka 1978, na hadi leo wafugaji wa zamani wanamtaja kama sisi tunavyomtaja mwalimu wa shule ya msingi.

Malawi ni habari nyingine. pH yake iko chini kidogo, kati ya 7.8 na 8.6, na walio maarufu humo ni mbuna. Mbuna ni neno la Kitonga cha huko Malawi, la samaki wa miambani. Wanakwangua mwani kwenye mawe siku nzima, wana rangi kali, na hasira yao ni kali zaidi. Halafu kuna wawindaji wakubwa wa ziwa hilo hilo, kama Nimbochromis livingstonii, ambaye Wamalawi humwita kaligono, yaani mlalaji. Anajilaza ubavu chini kama mzoga, samaki wadogo wakija kudonoa anawameza. Anafika sentimita 25. Nimeona kitoto chake, urefu wa kidole, kikiuzwa kwenye ndoo moja na samaki ambao baada ya miezi sita watakuwa chakula chake.

Ziwa Victoria lina furu, au fulu kwa Wajaluo. Nitarudi kwao.

Sasa tangi. Ukisema tangi dogo la nyumbani hapa kwetu, mara nyingi unazungumzia kile kioo cha sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Fanya hesabu: lita 54. Toa mchanga, toa mawe, toa ile nafasi ya juu usiyojaza, umebaki na kama lita 45. Ni mitungi miwili na kitu. Humo ndimo muuzaji anataka uweke mbuna kumi.

Kuna kinyozi mmoja hapa mjini, kijana mwenzangu, aliweka tangi kama hilo kwenye kinyozi chake ili wateja wasichoke kungoja. Aliuziwa kumi, miksi. Kati yao alikuwamo dume wa Melanochromis auratus, ambaye akiwa mdogo ni wa njano na milia, mrembo kupita wote, na akikomaa anageuka mweusi na anaamua tangi ni lake. Kule ziwani anayefukuzwa anakimbia. Kwenye kioo cha sentimita 60 anakimbilia wapi? Anafika kona, anageuka, yule bado yupo. Wiki ya kwanza walikufa wawili, kinyozi akadhani ni maji. Akarudi dukani akauziwa dawa. Wiki ya tatu wakabaki wanne, mapezi yamekatwa kama nguo ya kusugulia sakafu. Wiki ya tano alibaki mmoja, mweusi, mnene, ametulia. Unajua dukani walimwambia nini? Aongeze wengine, kwa sababu huyo anahisi upweke.

Ushauri huo wa kuongeza haukutoka hewani, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Wafugaji wa Marekani kweli huwajaza mbuna kwenye tangi kwa makusudi, ili mkorofi asipate mmoja wa kumwandama. Ukali unagawanyika kwa wengi. Video zimejaa za watu wakieleza hivyo. Lakini tazama nyuma ya yule anayeongea: tangi lake lina lita 300, lina filta mbili kubwa, na stima yake haipotei kila mawingu yakikusanyika. Ushauri umevuka bahari ukaacha tangi, filta na stima nyuma.

Na kuna jambo la kemia ambalo muuzaji hakuambii. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Ndani ya maji amonia hukaa kwa sura mbili, moja sumu kali, nyingine ya upole. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1. Yakiwa na pH 9, inazidi theluthi. Kwa hiyo maji yale yale magumu ambayo samaki hawa wanayapenda ndiyo yanayogeuza uchafu kidogo kuwa mauaji. Anayewabeba ni bakteria wanaoishi kwenye filta na mchangani, wanaoibadilisha amonia kuwa nitriti kisha nitrati, na hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye tangi jipya. Kinyozi alinunua tangi na samaki siku moja, akabeba vyote kwenye bodaboda. Stima ikipotea saa nane, filta inasimama, hewa inapungua, bakteria wenyewe wanaanza kufa. Samaki kumi kwenye lita 45, katika hali hiyo? Hata bila auratus wasingefika mwezi.

Mtu ataniuliza, sasa nifuge nini, nirudi kwenye samaki wa dhahabu? Hapana. (Na samaki wa dhahabu kwenye lita 54 ni kosa lake lenyewe, ila hilo liandikwe na mwingine.) Kuna samaki ambaye ni kana kwamba alipimiwa kioo hiki, na kama angekuwa na rangi za kelele angekuwa kila nyumba. Neolamprologus multifasciatus. Anatoka Tanganyika. Jike hazidi sana sentimita 3, dume hafiki 5. Anahesabiwa kati ya sikilidi wadogo kabisa duniani, na maisha yake yote yanazunguka gamba tupu la konokono. Analala humo, anataga humo, ukimshtua anaingia humo. Watoto hawafukuzwi; wanakua pale pale uani, wanahamia gamba la jirani, na baada ya mwaka una kijiji. Anachimba. Mchana kutwa anabeba mchanga kwa mdomo kutoka hapa kwenda pale, anazika magamba mpaka mlango tu ubaki wazi, na jirani akiusogeza mpaka wanasimama uso kwa uso, midomo wazi, wakitunishiana. Ugomvi wao ni wa mipaka ya shamba. Mtu wa Ukambani ataukubali mara moja.

Yeye hashindani kwa nafasi ya maji, anashindana kwa sakafu, na sakafu ya sentimita 60 kwa 30 inatosha familia nzima. Anza na sita, wape magamba mawili au matatu kwa kila mmoja, na usiweke mtu mwingine. Ukipenda sura nyingine ya maisha hayo hayo, kuna Lamprologus ocellatus, mkubwa kidogo na mkali zaidi, dume mmoja na jike mmoja au wawili, ambaye atakushambulia kidole ukisafisha. Au Neolamprologus brevis, wawili, mume na mke kwenye gamba moja. Chagua mmoja kati ya hao watatu. Ukisema uchanganye ili kupata utamu wote, umerudi kwa kinyozi. Ukiwa na tangi la lita 100 na zaidi, hapo unaweza kurundika mawe upande mmoja ukaweka jozi ya Julidochromis na kuwaachia wa magamba upande wa pili. Frontosa usimwangalie, mwenye nundu huyo anapita sentimita 30 na tangi lako ni bakuli lake la kunywea. Tropheus usimwangalie pia, anataka kuishi kundi kubwa, na tumbo lake la mla mwani linaharibika ukimlisha vyakula vizito vya protini.

Kilichonifanya niandike hii, zaidi ya kinyozi, ni hiki: vitu ambavyo mfugaji wa Ulaya anavinunua kwenye pakiti ili kumfurahisha samaki huyu, sisi tunavikanyaga. Mteja wangu yule alikuwa akiuza chumvi za kugumisha maji, akiuza mchanga uliooshwa, akiuza magamba ya konokono kwa idadi. Mimi nikaandika maelezo ya bidhaa zote tatu nikiwa nimekaa Kitui.

Maji kwanza. Visima virefu vingi vya Kitui na Makueni hutoa maji ya chumvi. Susu yangu hana habari ya pH lakini atakuambia kisima gani hakitoi povu la sabuni na kipi huacha ukoko mweupe kwenye sufuria ya chai. Ukoko huo ndio ugumu wa maji, ndicho kitu wanachokiuza kwenye pakiti. Siseme uchote popote umwage. Chumvi ya kisima si lazima iwe ile ya Tanganyika. Kuna visima vyenye chumvi ya kawaida nyingi mno. Nunua dawa ya matone ya kupimia, pima pH na ugumu, na kama yamezidi, changanya na maji ya mvua kutoka kwenye tangi la paa. Ya mvua peke yake ni laini, yatawadhoofisha. Ya mfereji yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima au weka dawa ya kuiondoa. Lakini usikubali kuuziwa kopo la chumvi ya sikilidi kabla hujapima maji ya kwenu. Ni kumuuzia mtu wa Lamu upepo.

Mchanga sina haja ya kuusimulia kwa mtu wa Makueni. Kaunti ilitunga sheria yake ya kuuhifadhi mwaka 2015 baada ya miaka ya malori kuukomba mitoni usiku kuupeleka kwenye majengo, mito ikibaki miamba mitupu na maji yakitoroka. Tangi lako linataka kilo kama kumi, laini, zilizooshwa mpaka maji yatoke meupe. Ziokote kwenye kilichobaki uani baada ya fundi, usiende mtoni na gunia ukaniambia nimekutuma. Na magamba: mvua zikiisha, konokono wakubwa wa shambani huacha nyumba zao kila mahali. Chagua madogo, yenye mlango wa sentimita 2 au 3, yachemshe, yasugue ndani. Joto, kwa sehemu kubwa ya mwaka, Kibwezi na Makindu halihitaji kifaa chochote. Kitui mjini asubuhi za Julai ni baridi, weka kipasha joto kidogo, au angalau funika tangi usiku. Filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa inatosha, na pampu ndogo ya USB inakubali pawabenki ya simu. Stima ikipotea unaichomeka, mnaendelea.

Sasa pingamizi ninalolijua, kwa sababu nimelisikia nyumbani. Kwamba hapa watu wanangoja punda alete maji, na wewe unayamimina kwa samaki ambao hata hawaliwi. Ni hoja nzito na sitaikwepa kwa utani. Lakini ipimeni kwa lita. Familia ya multifasciatus kwenye lita 45 inabadilishiwa robo ya maji kwa wiki. Hiyo ni kama lita 11, nusu ya mtungi na kitu, na hayamwagwi: yamejaa nitrati, ni mbolea, yanaenda kwenye sukuma wiki ambayo ungeimwagilia hata hivyo. Ila kama maji yako ni ya chumvi kali, sukuma itakunja uso. Hapo mwagilia mti wenye moyo mgumu. Anayemaliza maji ya nyumba ni yule aliyeuziwa mbuna kumi. Anabadilisha nusu ya tangi kila siku ya pili kuwaokoa, na hawaokoki. Kuchagua samaki vibaya ni kuchota maji mara saba. Kwa hiyo mwenye kunisuta kuhusu maji, tuko upande mmoja. Njoo tumsute muuzaji pamoja.

Kuna wanaosema pia kwamba hili ni jambo la wazungu na matajiri, na hao ndio wanaoniudhi hasa. Nilisema nitarudi kwa furu. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima; aina kwa mamia za furu zilipungua au kutoweka, samaki wadogo ambao Mholanzi Tijs Goldschmidt aliwaandikia kitabu kizima cha maombolezo ya kisayansi. Baadhi ya aina hizo zimeendelea kuzalishwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, na watu wa kawaida, wenye kazi zao na watoto wao, wanaoandika kwenye kila kioo jina la aina, mahali alipotoka na nani alimpa, na ambao hawachanganyi kamwe, kwa sababu sikilidi wa ziwa moja hupandana kwa urahisi na mtoto wa mchanganyiko si wa aina yoyote. Samaki wa Kisumu na Mwanza anatunzwa na mtu wa Uholanzi kwa nidhamu hiyo. Sisi tunamuuza kwa ndoo, kwa jina la bara. Usiniambie basi kwamba kujua samaki wako anatoka ziwa gani ni uzungu.

Mwisho kuna Athi. Mto huu ndio mpaka wa Kitui na Makueni kwa sehemu ndefu, na ndani yake, kama ndani ya Tana, kuna sikilidi wetu wa asili, Oreochromis spilurus, perege asiye na rangi za kuuza wala mtu wa kumtetea. Tayari anaishi na wageni: perege wa Mto Naili wa mabwawani hutoroka na kupandana naye. Bwawa la Thwake likijaa tutakuwa na ziwa letu la maana, na ninawajua binadamu. Yule aliyechoka na samaki wake mweusi mkorofi atapanda pikipiki Jumapili, atafungua mfuko, atapiga video ya huruma akisema anamrudisha nyumbani. Nyumbani kwake ni Malawi. Kama umemchoka, mtafutie mwenye tangi la lita 300, wapo Nairobi. Au rudi dukani umdai muuzaji ampokee hata bila pesa. Ikishindikana yote, mafuta ya karafuu kwenye bakuli la maji, matone machache kwanza alale, kisha zaidi, na umwache humo hadi dakika nyingi zipite baada ya mashavu kuacha kupumua. Kisha mzike chini ya mpapai.